Kongamano Lisilo na Mgeni wa Heshima

Mji wa Kakamega haushindwi na mkutano. Mwaka 2018 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika hapa, uwanjani Bukhungu, na wikendi haipiti bila harusi, mazishi au krusedi yenye mahema ya kukodi. Kamati yoyote ya maandalizi inajua pa kuanzia: mwandikie mheshimiwa, tafuta wafadhili, itisha harambee. Lakini tuseme wanaokutana ni wanachama 300 wa Alcoholics Anonymous, AA kwa ufupi, watu walioachana na chang'aa, busaa na bia, wakitoka Busia, Bungoma, Vihiga na Kisumu. Hayo matatu yanafutwa siku ya kwanza.

AA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake. Pesa ya mtu wa nje haipokelewi hata ikija kwa nia njema. Msimamo huo una historia. Mwaka 1938, chama kikiwa na miaka mitatu tu, waanzilishi walimwendea tajiri wa Marekani, John D. Rockefeller Jr. Alitoa dola 5,000 akakataa kuongeza, akihofia kwamba fedha nyingi zingeiharibu kazi yao. Baadaye wenyewe wakaigeuza hofu ile kuwa kanuni, mojawapo ya Desturi 12 zilizopitishwa Cleveland mwezi Julai 1950, kwenye kongamano lao la kwanza la kimataifa.

Hapa kwetu wa kukataliwa si Rockefeller. Ni mwakilishi wa wadi (MCA) aliyesoma na mwenyekiti wa kamati, na ambaye ataudhika kweli. Akija kwa kuwa pombe imemshinda, karibu sana. Atalipa kiingilio kama wenzake, na cheo hakitampa kipaza sauti.

Basi bajeti yote inakalia kiingilio. Kikiwa shilingi 2,500, watu 300 wanaleta 750,000, na ndani ya hizo mtatoa malazi, chakula cha siku tatu, viti na vyombo vya sauti. Aliyepoteza kazi kwa ulevi hawezi kuzitoa kwa mkupuo, kwa hiyo makundi huanza kukusanya kidogo kidogo karibu mwaka mzima kabla. Mimi ningechagua shule ya bweni wakati wa likizo ya Agosti badala ya hoteli. Ni nafuu, na njia ya kwenda msalani haipiti kaunta ya baa.

Shule ina mabati, na Kakamega mvua kubwa hupenda kuja alasiri. Ikianza kupiga juu ya bwalo, msemaji hasikiki hata kwa spika mbili. Wazungumzaji wakuu wawekwe asubuhi. Mchana watu wagawanyike madarasani, kumi na tano kumi na tano, wasogeze madawati waketi duara.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuficha majina. Katika mji huu mpishi ni shemeji yako, na mlinzi wa lango ni jirani. Bango la barabarani halina haja ya kutaja pombe. Beji ibebe jina la kwanza tu, na picha za ukumbini zipigwe marufuku. Wengi husahau M-Pesa: kila malipo humfikia mweka hazina yakiwa na jina la mtumaji, na simu yake inageuka orodha ya walevi wa Magharibi nzima. Dawa yake ni kila kundi kukusanya lenyewe na kutuma jumla, pamoja na idadi ya wanaokuja. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, kwa hiyo daftari la usajili si la kuachwa mezani.

Jumamosi usiku inahitaji ratiba yake. Muziki wa disko matanga ukisikika ng'ambo ya uzio, aliyeacha wiki iliyopita hapati usingizi. Chumba kimoja kiwe na mikutano mfululizo hadi alfajiri, wenyeviti wakipokezana kila saa, na birika la chai lisipoe. Kamati ikibana sukari mahali pengine, hapa isibane.

Jumapili kabla ya chakula cha mchana mweka hazina husoma hesabu mbele ya wote, risiti mkononi. Kikibaki kitu, sehemu huwa mbegu ya kongamano lijalo na sehemu huenda kwenye huduma za chama. Kikipungua, kapu hupitishwa tena kabla matatu hazijaondoka.