Bahasha ya meli ya kivita: usiibandue stempu

Na Mwandishi Wetu, Busia

Mfanyabiashara anayevuka Busia hahitaji kufundishwa thamani ya muhuri. Karatasi ya forodha isiyogongwa ni karatasi tu; ikigongwa, inaeleza mzigo umepita wapi na siku gani. Wakusanyaji wa bahasha za zamani wana fikra hiyo hiyo. Kwao stempu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni muhuri wa posta, pamoja na bahasha iliyosafiri nao.

Bahasha zilizotoka katika meli za kivita zina wapenzi wake duniani kote, kwa sababu zinaficha zilikotoka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, barua za mabaharia wa Uingereza zilikaguliwa, maneno yanayoweza kumsaidia adui yakafutwa, kisha mkaguzi akagonga muhuri wake. Nyingi ziligongwa maneno ya kusema tu kwamba zimetoka baharini, bila kutaja bandari. Mkusanyaji hulinganisha tarehe, mihuri na safari za meli mpaka atambue barua ilianzia wapi.

Kanda yetu imo katika historia hiyo. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi zilihamishia kambi yao Kilindini, Mombasa. Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo na mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ilisindikizwa na meli za kivita, lakini tarehe 12 nyambizi ya Japani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa. Kwa familia ya askari wa safari ile, bahasha ya mwisho aliyotuma huenda ndiyo kumbukumbu pekee yenye tarehe.

Baada ya vita, Afrika Mashariki ilipata jeshi lake la majini. Royal East African Navy, lenye makao Mombasa, lilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na moja ya meli zake iliitwa Rosalind. Hata Uganda, isiyo na pwani, ilihesabiwa humo. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, na Kenya ikaanzisha lake mwaka 1964.

Baharia wa wakati huo aliyeposti barua Mombasa kwenda kwa jamaa yake Tororo alibandika stempu iliyoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Stempu hiyo moja ilikubalika katika nchi zote tatu. Mojawapo ilikuwa na picha ya bwawa la Owen Falls, Jinja. Reli ilikuwa imefika Kampala kupitia Tororo tangu 1931, kwa hiyo barua ilivuka mpaka bila kubadilisha stempu.

Stempu za pamoja ziliendelea hata baada ya uhuru, sambamba na za kila nchi, hadi mwaka 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika. Leo stempu ya Uganda haitumi barua kutoka Busia ya upande wa Kenya, ingawa maofisa wa forodha wa nchi hizo mbili wanafanya kazi katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2018.

Haya yanatuhusu kwa sababu familia nyingi za Wasamia, Wateso na Wajopadhola, pande zote za mpaka, zina wazee waliotumikia King's African Rifles, reli au posta. Barua zao zimo katika masanduku ya bati. Nyumba ikihamwa au mzee akifariki, karatasi huwa za kwanza kuchomwa. Wengine hukata stempu na kutupa bahasha, wakidhani wameokoa chenye thamani.

Hapo ndipo hasara ilipo. Stempu nyingi za kawaida za enzi hiyo zilichapishwa kwa wingi, na ikishabanduliwa moja huuzwa kwa bei ndogo. Bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka, alama ya mkaguzi, namba ya posta ya jeshi au kibandiko cha rejista ndiyo inayotafutwa. Geuza na upande wa nyuma, maana mara nyingi posta iliyopokea iligonga muhuri wake hapo.

Usiioshe, usiipige pasi, wala usiibandike gundi au selotepu. Iweke pakavu, mbali na jua, pamoja na barua iliyomo. Andika kwenye karatasi ya pembeni jina la aliyeituma na uhusiano wake na familia. Dalali akija, mwonyeshe picha kwanza, kisha uliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja, kama unavyofanya kabla ya kuuza gunia la mahindi. Na hata ukiamua kuuza, piga picha ya pande zote mbili ibaki nyumbani, ili wajukuu wajue babu yao alikuwa wapi siku ile.