Usipoiambia Kompyuta, Hujiamulia Yenyewe

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, za bustani ya shule na za safari za likizo. Leo naomba nafasi nieleze jambo moja la kompyuta. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wachache. Lakini nimeona mwanafunzi mwenzetu akikosa haki yake kwa sababu ya jambo hili, na aliyemkosesha ni mimi mwenyewe, ingawa sikukusudia. Kwa hiyo naona haifai ninyamaze.

Kwanza nitaje chombo chenyewe. Katika chama chetu cha hesabu tunatumia lugha ya kompyuta iitwayo R. Lugha hii ni mkusanyo wa amri ambazo mtu huiandikia kompyuta ili imfanyie hesabu za takwimu, kama vile kutafuta wastani, kupanga bei au kuchora michoro. Ilianzishwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walifuata mfano wa lugha ya S, ambayo John Chambers na wenzake walianza kuitengeneza Marekani mwaka 1976. Toleo la kwanza kamili la R lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Hutolewa bure, na ndiyo sababu shule isiyo na fedha nyingi yaweza kuitumia sawa na chuo kikubwa cha Ulaya.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tuseme mtu anaingia katika kibanda cha chai na kusema, "Nipe chai." Hakusema ya maziwa au ya rangi, wala hakutaja sukari. Mwenye kibanda hamwulizi. Amezoea kutia maziwa na vijiko vitatu vya sukari, basi humletea hiyo. Kama mnywaji ana ugonjwa wa sukari atadhurika, lakini mwenye kibanda hakukosea. Alijaza tu mahali ambapo mteja alinyamaza. Amri za R hufanya vivyo hivyo. Kila amri ina mambo kadhaa ambayo waweza kuitajia, na usipoyataja hufuata desturi aliyoiweka mtu aliyeitengeneza. Wataalamu wa Kiswahili huiita desturi hiyo chaguo-msingi. Shida ni kwamba desturi za amri mbalimbali hazifanani, na nyingine ni za kushangaza.

Tuanze na mfano wa soko la Mitundu, upande wa kusini wa mji wa Lilongwe, ambako baadhi yetu tunatoka. Tuseme tunaandika bei ya ndoo moja ya mahindi (wenyeji huiita ndowa) kwa Jumamosi sita. Jumamosi ya nne mvua ilinyesha sana, hakuna aliyekwenda sokoni. Mahali pa bei hiyo twaandika NA, alama ya R ya kitu kisichojulikana. Kisha twaagiza mean(bei), yaani tafuta wastani. Jibu linalokuja ni NA tu. Wengi hudhani mashine imeharibika, lakini sivyo. Inasema kweli: ikiwa bei moja haijulikani, wastani wa zote sita nao haujulikani. Tukitaka wastani wa zile tano tu, hatuna budi kusema wazi: mean(bei, na.rm = TRUE), yaani ziondoe zisizojulikana.

Kama amri zote zingefanya hivyo, tungezoea upesi. Lakini amri ya table, inayohesabu vitu kwa mafungu, huziruka NA kimya kimya. Ukiwa na orodha ya wanafunzi 40, na watatu hawakuandika kwao ni wapi, table itakuonyesha mafungu ambayo jumla yake ni 37, wala haitakuambia kwamba watatu wameachwa. Amri ya sort, ipangayo vitu kwa taratibu, nayo huwatupa. Basi amri moja hukataa kujibu kwa sababu ya mtu mmoja asiyejulikana, na nyingine humfuta kana kwamba hakuzaliwa.

Amri ya read.csv, inayosoma orodha kutoka katika faili, ina desturi zake pia. Ikiona safu ya tarakimu tupu hudhani ni namba za hesabu. Tuliandika namba za simu za wazazi, ambazo hapa Malawi huanza na sifuri, nayo ikazisoma zote bila sifuri ya mwanzo. Kwa hesabu, sifuri mbele ya namba haina maana. Kwa anayetaka kumpigia mzazi simu, ina maana kubwa. Tena, katika orodha ya kimataifa ya herufi mbili za nchi, Malawi ni MW, Tanzania ni TZ, Kongo ya Kinshasa ni CD, na Namibia ni NA. Asomaye orodha hiyo kwa read.csv bila tahadhari ataona Namibia imegeuka kuwa nchi isiyojulikana!

Ndugu zetu mliokwisha kumaliza, na mliojifunza R zamani, nanyi mjihadhari. Kabla ya toleo la 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, read.csv ilikuwa ikisoma safu ya maneno na kuifanya kuwa mafungu yenye namba za siri. Tuseme katika safu ya bei mtu mmoja aliandika "hakuja" badala ya bei. Safu nzima ilihesabiwa kuwa maneno, ikagawanywa mafungu. Mwenye kazi alipoagiza maneno hayo yageuzwe kuwa namba tena, hakupata bei. Alipata namba za mafungu, 1, 2, 3 na kuendelea. Wastani wa mahindi waweza kutoka 3 mahali pa maelfu ya kwacha. Tangu mwaka 2020 desturi hiyo imebadilishwa, kwa hiyo kazi ile ile yaweza kuleta jibu moja katika kompyuta ya zamani na jibu jingine katika kompyuta mpya.

Hata kukadiria namba kuna desturi yake. Darasani tumefundishwa kwamba nusu hupandishwa, yaani 64.5 ni 65. Ukiiambia R round(64.5), itajibu 64. Lakini round(65.5) hujibu 66. Inapokuta nusu kamili huiendea namba shufwa iliyo karibu. Sababu yake si mbaya, kwani kupandisha kila nusu huzidisha jumla kidogo kidogo. Lakini mwanafunzi aliyekuwa akingoja alama ya 65 hatafarijiwa na sababu hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Muhula uliopita zilipatikana nafasi tatu za mafunzo ya juma moja mjini Lilongwe wakati wa likizo. Chama kilikubaliana kwamba nafasi moja iende kwa anayetoka upande wa Mitundu, moja kwa anayetoka mjini, na moja kwa anayetoka Dzaleka. Wasiopajua Dzaleka, ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko wanaishi hapo, na Kiswahili husikika kila kichochoro. Mimi mwenyewe nimekulia hapo. Ili pasiwe na upendeleo, tuliamua kompyuta ipige kura, na mimi nikapewa kazi ya kuandika amri.

Kila mwanachama ana namba yake katika daftari. Upande wa Mitundu waliomba wanne, mjini watano. Dzaleka aliomba mmoja tu, mwenye namba 17. Niliandika amri moja kwa kila upande, amri ya sample, ambayo huchagua kwa bahati kutoka katika kundi unalolipa. Niliiambia: chagua mmoja katika kundi la Mitundu, chagua mmoja katika kundi la mjini, chagua mmoja katika kundi la Dzaleka. Nilidhani hiyo ya tatu haina hata haja, kwa kuwa aliye peke yake hana budi kuchaguliwa. Kompyuta ilitoa namba tatu, nikatafuta majina katika daftari, nikayabandika ukutani. Watu wakapiga makofi.

Siku ya pili mwalimu mlezi wa chama aliniuliza, "Ni yupi kati ya hawa anayetoka Dzaleka? Nataka kumtafutia nauli." Nikatazama orodha, nikaona mmoja wa Mitundu na wawili wa mjini. Wa Dzaleka hayumo. Kwa kundi la Dzaleka kompyuta ilikuwa imetoa namba 6, naye ni mwombaji wa mjini ambaye hakupata katika kura ya kwao.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikairudia amri, ikatoa 11. Nikairudia tena, ikatoa 2. Ndipo nilipofungua maelezo ya amri yenyewe na kuyasoma mpaka mwisho. Humo imeandikwa wazi kwamba sample ikipewa kundi la namba kadhaa, huchagua katika kundi hilo. Lakini ikipewa namba moja tu, haioni kundi la mtu mmoja. Huichukua namba hiyo kuwa kikomo, nayo huchagua katika namba zote kuanzia 1 hadi hapo. Nilipoipa 17, ilielewa: chagua yeyote kati ya 1 na 17. Waliotengeneza waliona ni njia fupi ya kumrahisishia mtu kazi, na maelezo yenyewe yanaonya kwamba njia hiyo yaweza kuleta matokeo yasiyotarajiwa. Onyo lilikuwapo, msomaji ndiye aliyekosekana.

Nilikwenda kwa mwenye namba 17, kijana wa Kidato cha Pili, nikamwuliza kwa nini hakulalamika, na hali alijua kwamba aliomba peke yake. Akanijibu, "Kaka, mimi sikushangaa. Nilidhani sisi wa kambini tumerukwa tena." Maneno hayo yaliniuma kuliko kosa lenyewe. Kompyuta haijui kambi wala mji, na mimi ni mtu wa huko huko. Hata hivyo aliyeumia ni yule yule aliyekwisha zoea kuumia.

Nimefikiri sana habari hiyo, nikaona kwamba haikuwa bahati mbaya tu. Desturi ile ya sample haiwadhuru walio wengi katika kundi lao. Wa Mitundu walikuwa wanne, wa mjini watano, kura yao ikaenda sawa. Humdhuru aliye peke yake. Na amri hujaribiwa na watu wenye orodha ndefu, ambao hawakukuta shida, kwa hiyo husema, "Imejaribiwa, ni salama."

Kisha ikanipasa kwenda kwa mwenye namba 6, ambaye alikuwa amekwisha wapigia simu wazazi wake. Nilimweleza yote bila kuficha. Alininyamazia siku tatu, na alikuwa na haki.

Mtu atauliza, "Kwa nini wenye R wasiondoe desturi mbaya kama hizi?" Ni kwa sababu kazi za watu wengi duniani zimejengwa juu yake. Ukibadilisha msingi, nyumba zilizokwisha jengwa hutikisika. Mabadiliko ya mwaka 2020 niliyoyataja yaliwalazimu watu wengi kusahihisha kazi zao za zamani. Basi desturi nyingi zitabaki, na ni juu yetu kuzijua.

Haya ndiyo tunayoyafuata sasa katika chama chetu. La kwanza, kabla ya kutumia amri ngeni twasoma maelezo yake. Katika R ni kuandika alama ya kuuliza kisha jina la amri, kwa mfano?sample. La pili, jambo lenye maana hatuliachi kwa desturi, bali twalitaja wazi, hata kama desturi yake ndiyo tuitakayo. La tatu, twaijaribu amri kwa kundi dogo ambalo jibu lake twalijua: kundi la watu wengi, la mtu mmoja, lisilo na mtu, na lenye asiyejulikana ndani yake. La nne, twahesabu watu mwanzo na mwisho, tuone kama hakuna aliyepotea njiani.

Na kura ya kundi lolote sasa twaiandika hivi: dzaleka[sample(length(dzaleka), 1)]. Maana yake, hesabu kwanza wamo wangapi, chagua nafasi moja kati ya hizo, kisha mwite aliye katika nafasi hiyo. Akiwa mmoja, nafasi ni moja, naye ndiye atakayeitwa.

Wazee walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilinyamaza mahali ambapo ilinipasa kusema, na kompyuta ikasema badala yangu. Mwenye namba 17 alikwenda Lilongwe, akamaliza mafunzo yake, akarudi. Sasa ndiye anayenikagulia amri zangu kabla sijabandika jina la mtu ukutani.