Krimu ya Kung'arisha na Blauzi ya Mabega Wazi Hazipatani Chini ya Jua la Kimilili

Mvua zikishakatika mwezi Desemba, Kimilili, magharibi mwa Kenya, huingia miezi mitatu ya vumbi na jua kali hadi wakulima waanze kupanda mahindi mnamo Machi. Ni msimu ambao mabunda ya mitumba huleta nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani mwezi Julai: blauzi za mabega wazi, vitopu vinavyoacha kitovu nje, kaptura fupi, magauni mepesi ya kamba mbili. Wanaowahi sokoni alfajiri huchagua kamera, yaani nguo bora, wanaochelewa huambulia fagia, yaani masazo, na mtindo wa mwaka huenea hivyo kutoka Bungoma hadi Kitale. Msimu huohuo, kwenye rafu za maduka ya vipodozi, krimu za kung'arisha ngozi hupewa nafasi ya mbele, kwa sababu ngozi itakayoonekana ndiyo mtu angependa kuitengeneza. Vitu hivi viwili huuzwa kana kwamba ni mtu na pacha wake. Kisayansi, kimoja humvua mtu kinga ambayo kingine kinaihitaji. Ndiyo maana ni makosa kukipima kipodozi peke yake. Kipimwe pamoja na nguo itakayovaliwa na jua litakalowaka juu yake. Kwa kipimo hicho, krimu ya kung'arisha haina mahali Kimilili, na kipodozi bora cha kiangazi ni kitambaa.

Tuanze na jua lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ushauri mwingi wa urembo unaotoka nje hupotea njia. Kimilili iko chini ya digrii moja kaskazini mwa Ikweta, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa Desemba, jua likiwa limekwenda kusini kabisa, saa sita mchana hapa husimama takriban digrii 66 juu ya upeo. Jijini London, siku ndefu kuliko zote za mwezi Juni, jua hufika digrii 62 tu. Kwa maneno mengine, mchana wetu wenye jua la chini kabisa bado unaushinda mchana wa kilele cha kiangazi cha Waingereza. Ongeza mwinuko: kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua. Upepo wa baridi unaoshuka kutoka mlimani humdanganya mtu adhani jua limepoa, lakini mionzi hii si joto na haisikiki mwilini. Kitale iko juu zaidi, ina baridi zaidi, na bado mionzi yake si haba. Shirika la Afya Duniani hupima ukali wa mionzi hiyo kwa kipimo kinachoanzia sifuri. Kuanzia 3 linashauri mtu ajikinge, na kuanzia 11 linauita ukali uliopindukia. Nyanda za juu zilizo karibu na Ikweta hufika huko mara kwa mara wakati wa adhuhuri.

Wengi wetu tumeishi chini ya jua hilo vizazi na vizazi bila kuungua kwa sababu ya melanini, rangi inayotengenezwa na chembe maalumu za ngozi na kutandazwa juu ya viini vya chembe nyingine kama mwavuli. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walilinganisha tabaka la juu la ngozi ya watu weusi na la watu weupe. La weusi lilikinga mionzi inayounguza kwa kiwango cha 13.4, la weupe kwa 3.4. Tofauti hiyo inaeleza ni kwa nini saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni adimu sana kwa Waafrika weusi. Tena, saratani ya melanoma inapompata mtu mweusi, mara nyingi hujitokeza kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halihusiki sana. Ile iliyomuua mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Kwa hiyo anayemtisha kila mwanamke wa Kimilili kwamba bila losheni ya jua atapata saratani anatia chumvi. Hata hivyo 13.4 si ukuta wa zege. Jua huacha madoa meusi mashavuni, hukausha ngozi na kuizeesha, na macho hayana melanini ya kuyatosha.

Hiyo kinga ya 13.4 ndiyo inayouzwa ibomolewe. Krimu nyingi za kung'arisha hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya ambacho chembe hutumia kutengeneza melanini. Haidrokwinoni hufanya hivyo, na zebaki pia. Kundi la tatu, steroidi kali kama klobetasoli, hupunguza rangi huku zikiikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, zikileta michirizi, chunusi na vinyweleo. Zebaki ndiyo inayotia hofu kuliko zote, na ushahidi dhidi yake umepatikana hapahapa nchini. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 jijini Nairobi waliougua maradhi ya figo yanayomwaga protini kwenye mkojo na kuuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Huo ni ushahidi wa zaidi ya nusu karne, na bado kuna mtu anayeuliza kama jambo hili limethibitishwa. Tena zebaki haibaki kwa aliyejipaka pekee. Hugeuka mvuke, hushika taulo, shuka na mikono, na humfikia mtoto aliye tumboni. Nchini Marekani, mwaka 2010, maafisa wa afya wa California na Virginia walipima familia ambazo baadhi ya watu wake walitumia krimu za namna hiyo, wakaikuta zebaki hata kwenye mkojo wa watu ambao hawakuwahi kuzigusa, wakiwemo watoto.

Haidrokwinoni ina hila ya aina yake, na ni hapa blauzi ya mabega wazi inapoingia katika hesabu. Melanini ikipungua, mionzi hupenya kwa wingi. Ngozi ikichokozwa na mionzi hujitetea kwa kutengeneza rangi zaidi, tena kwa mabaka. Mtumiaji anayaona mabaka, anadhani dozi haikutosha, anaongeza. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza mwisho wa safari hiyo: ngozi ya mashavu iliyogeuka nyeusi yenye ubluu, ngumu na yenye vijipele, hasa sehemu zinazopigwa na jua, hali ambayo ni vigumu mno kuirudisha nyuma. Afrika Kusini iliipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Katika jua la Kimilili mzunguko huu huenda kwa kasi kuliko mahali ambapo jua huonekana miezi michache kwa mwaka. Anayejichubua kisha akavaa blauzi isiyo na mabega amelifungulia jua milango miwili kwa siku moja.

Wapo watakaosema kwamba madaktari wenyewe huandika haidrokwinoni. Ni kweli. Daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa madoa mahususi, kwa kiwango kinachojulikana, kwa miezi michache, na kwa sharti la kujikinga na jua. Hayo yote hayapo kwenye kopo linalopakwa uso mzima na mwili mzima mwaka baada ya mwaka. Marekani yenyewe, ambako ilikuwa ikiuzwa dukani kwa kiwango cha asilimia 2, iliiondoa kwenye mauzo ya bila cheti cha daktari mwaka 2020. Mwingine atasema shangazi yake amejipaka miaka ishirini na hana neno. Figo hazina mdomo. Huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wao kabla mwenye nazo hajahisi lolote, na anayesalimika hawezi kuwa kipimo cha wote. Pingamizi lenye uzito kuliko hayo ni la uhuru: mwili ni wangu, rangi ni yangu, nani ananipangia? Hoja hiyo naiheshimu, na isingefaa mtu yeyote kumcheka mwanamke au mwanamume anayejichubua, maana wanaomsifu kwa weupe ni wengi kuliko wanaomkanya. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji kujua unachochagua. Kopo lisilotaja viambato vyake, au lililoandikwa kwa lugha ambayo hakuna muuzaji wala mnunuzi anayeisoma, halimpi mtu chaguo lolote. Krimu inayopakuliwa kutoka ndoo na kupimwa kwenye vikopo, ule mkorogo wenyewe, ni mbaya zaidi.

Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina alama yake kwa bidhaa zilizokaguliwa. Alama huweza kughushiwa, kwa hiyo isiwe mwisho wa uchunguzi. Tazama viambato: maneno kama calomel, mercurio, mercuric iodide au ammoniated mercury yote ni zebaki, na onyo la kutoiweka krimu karibu na fedha, dhahabu au alumini ni dalili kwamba zebaki imo hata kama haikutajwa. Neno lolote linaloishia na "-sone" au "-sol" kwenye krimu ya urembo linastahili kuulizwa kwa mfamasia kabla ya kulipa.

Wanaozikimbia kemikali hukimbilia ndimu, na hapo wanaruka majivu. Maji ya ndimu yana kemikali za asili ambazo, zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi, huunguza na kuacha malengelenge kisha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Kitu kutoka shambani si lazima kiwe salama.

Sasa kitambaa. Shati jepesi jeupe la pamba huzuia mionzi kwa kiwango pungufu ya watu wanavyodhani, na likilowa hupungua tena. Jinzi na vitambaa vilivyosukwa kwa kubana huizuia karibu yote. Rangi nzito hukinga kuliko nyepesi. Hapa huja lalamiko kwamba nguo nyeusi na mikono mirefu huchoma. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu Mabedui wanaovaa kanzu nyeusi jangwani: joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa iwe kanzu ni nyeusi au nyeupe, kwa sababu kanzu ni pana na hewa hupita ndani yake. Siri ni upana. Wanawake wanaolima mashamba ya Kimilili mwezi Januari wanalijua hilo bila jarida lolote: huvaa shati la mwanamume la mikono mirefu juu ya gauni, leso kiunoni na kitambaa kichwani. Hakuna anayewaita wanamitindo, na hapo ndipo naona tatizo letu. Katika bunda lilelile la mitumba lenye vitopu, mna mashati mapana ya kitani, magauni marefu mepesi na kofia za ukingo mpana, mara nyingi kwa bei ya chini kwa sababu hayagombaniwi. Liinue vazi kuelekea jua kabla ya kulinunua. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mionzi nayo itakuona. Mabega wazi yana wakati wake: asubuhi, jioni, na kwenye harusi chini ya hema.

Losheni ya kukinga jua ina wanaoihitaji kwa dhati. Kwanza ni watu wenye ualbino, ambao kwao si urembo bali ni tiba, pamoja na mikono mirefu na kofia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa bure kupitia hospitali, na kule Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC hutengeneza losheni yake, Kilisun, kwa ajili yao. Wa pili ni wenye madoa usoni, hasa yale yanayozuka wakati wa ujauzito. Hao wajue kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi, na losheni zisizo na rangi hazizuii mwanga huo vyema. Zenye rangi ya udongo, zilizotiwa oksaidi ya chuma, ndizo zinazosaidia. Kofia hufanya kazi hiyo bila kupakwa upya kila saa mbili. Waliobaki, fedha za losheni ziende kwenye kofia.

Kwa kupauka kulikoletwa na hewa kavu, jeli ya kawaida ya petroli inatosha. Ikipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, huzuia maji yasitoke kuliko krimu nyingi za bei ghali. Arimis, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, imekuwa ikifanya kazi hiyo kwenye miguu ya watoto wa shule kwa miaka mingi, na hakuna ubaya wowote.

Na wewe ambaye tayari unajipaka krimu ya kung'arisha, usijifiche. Ikiwa ina steroidi na umeitumia miezi mingi, kuiacha ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake na kuvimba, na hapo ndipo wengi huirudia. Ukiona miguu au uso umevimba, au mkojo una povu lisiloisha, usingoje. Nenda hospitali ya Kimilili au ya rufaa Bungoma ukapimwe mkojo na figo, na ubebe kopo lenyewe, hata kama limeisha, daktari ajue ulichokuwa ukijipaka.