Anthropolojia Nairobi au Sosholojia Kisii: Hesabu ya Familia ya Gusii

Mtoto akipata C+ au zaidi katika KCSE, familia nyingi za Kisii na Nyamira humwazia ualimu, uuguzi au uhasibu. Akisema anataka anthropolojia, wazazi huuliza kwanza nani atamwajiri. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Ila kuna jingine linalopaswa kutangulia: atasomea wapi, na atamaliza akiwa na deni la shilingi ngapi?

Anayetaka jina lenyewe la anthropolojia kwenye digrii hutazama kwanza Chuo Kikuu cha Nairobi. Idara yake ya Anthropolojia, Jinsia na Masomo ya Kiafrika imetokana na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970, na ndiyo yenye sifa kongwe nchini katika fani hii. Vyuo vikuu vya Maseno na Moi vimeiweka anthropolojia idara moja na sosholojia. Nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati mwaka 2013 baada ya kuwa tawi la Egerton, na hapo jirani wa karibu wa anthropolojia ni sosholojia. Masomo haya mawili hukutana kwenye nadharia, utafiti, familia, dini na afya. Tofauti kubwa ni mbinu: mwanaanthropolojia hufunzwa kuishi na watu kwa muda mrefu, kusikiliza na kuandika anachokiona.

Sasa hesabu. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 ulikuja kugawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia, la kwanza likiwa la maskini zaidi. Kundi la kwanza hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa karo asilimia 25, na familia hutoa 5. Kundi la tano hupata ufadhili wa asilimia 30, mkopo 30, na familia hutoa 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa kujikimu: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, 40,000 kwa la tano. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kupunguza karo. Kwa hiyo barua ya ufadhili ya mwanao ndiyo ya kuaminiwa, si namba alizopewa mtoto wa jirani mwaka juzi.

Tuseme kozi inagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka; nimeichagua namba hiyo ili hesabu iwe nyepesi. Familia ya kundi la kwanza italipa 7,500 kwa mwaka, ya kundi la tano 60,000. Hapo wengi hufunga daftari. Endelea kuhesabu hadi mwaka wa nne. Mwanafunzi wa kundi la kwanza atakuwa amekopa 150,000 za karo na 240,000 za kujikimu, jumla 390,000. Wa kundi la tano atakuwa amekopa 180,000 na 160,000, jumla 340,000. Mtoto wa nyumba maskini anamaliza akidaiwa shilingi 50,000 zaidi ya mwenzake, kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Anapewa mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza, kisha marejesho huanza. Kinacholivimbisha deni hilo si karo, ni chakula na kodi ya nyumba.

Ndiyo maana mahali pa kusomea pana uzito kuliko jina la kozi. Shilingi 60,000 zikigawanywa kwa miezi minane ya masomo ni 7,500 kwa mwezi. Nairobi, asiyepata chumba cha hosteli ya chuo ataona kodi ikimeza sehemu kubwa ya fedha hizo kabla hajanunua unga, na kuna nauli ya kilomita zaidi ya 300 kupitia Narok kila likizo. Anayetoka Suneka au Nyanchwa akasoma Kisii anakula nyumbani. Akiweza kuishi bila mkopo wa kujikimu, deni lake katika mfano wetu wa kundi la kwanza linabaki 150,000. Wa Borabu asidanganyike kwamba naye yuko nyumbani: nauli ya kwenda na kurudi kila siku inaweza kuzidi kodi ya chumba cha kushirikiana na mwenzake karibu na chuo. Na kwa familia za chai, vyuo hufungua karibu Septemba ilhali bonasi hulipwa karibu Oktoba. Uliza mapema kama chuo kinapokea karo kwa awamu.

Kuna jambo ambalo risiti haionyeshi. Gusii ni mojawapo ya sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa sana na wanaanthropolojia. Philip Mayer alichunguza koo na mahari miaka ya 1940. Robert na Barbara LeVine walifika miaka ya 1950 na kutoa kitabu cha Nyansongo mwaka 1966. Sarah LeVine akaandika juu ya akina mama na wake mwaka 1979. Thomas Håkansson akachunguza mahari, wanawake na ardhi, 1988. Justus Ogembo alichapisha mwaka 2006 utafiti wake kuhusu mauaji ya wanaoshukiwa uchawi, janga ambalo bado linawaua wazee wetu. Mwanafunzi anayeongea Ekegusii anaweza kuwafikia watu wa jamii hiyo hiyo kwa nauli ya bodaboda, bila mkalimani. Akichagua utafiti wa mwaka wa mwisho juu ya tohara ya wasichana inayofanywa na wahudumu wa afya, au ugomvi wa mashamba yaliyogawanywa hadi yakaisha, atakuwa na kazi ya kumwonyesha mwajiri.

Na waajiri wapo, ingawa hawajajaa: mashirika ya afya na utafiti, Makumbusho ya Taifa, idara za utamaduni na jinsia za kaunti, kampuni za utafiti wa soko. Wengi wao huuliza kama unajua kuchanganua takwimu na kuandika ripoti, kwa hiyo mwanafunzi ajifunze programu za takwimu tangu mwaka wa pili. Anayetaka kusajiliwa kuwa mwalimu na TSC asiende njia hii. Anthropolojia si somo la sekondari. Achukue ualimu moja kwa moja. Na aliyekosa C+ ana diploma za kazi za jamii katika vyuo vya kiufundi, kwa karo ndogo zaidi.

Uamuzi wangu ni huu. Akiitwa Nairobi akiwa kundi la kwanza au la pili, na kuna ndugu wa kumpa malazi, aende. Jina la idara hiyo litamfaa. Asipokuwa na malazi, sosholojia ya Kisii yenye utafiti mzuri wa nyanjani, kisha shahada ya uzamili ya anthropolojia akishapata kazi, ni njia ya bei nafuu na haimpunguzii kitu cha maana. Lakini kozi hii isilipiwe kwa kuuza shamba. Mzazi, kabla hujamwita mnunuzi, omba basari, kata rufaa juu ya kundi alilowekwa mtoto, na ukikataliwa kote, mwambie abadilishe chuo.