Cheni ya Pikipiki Mlimani Haitaki Kukazwa Sana

Ukitoka Muheza kwenda Kwamkoro, unapita Kisiwani na Sigi, halafu barabara inaanza kupanda kwa kona kali hadi Amani, zaidi ya mita 600 juu ya ulikotoka. Mvua ya huku hufika takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Bodaboda wanaohudumia vijiji vya mashamba ya chai wanapanda na kushuka kwenye tope, na kazi yote hiyo inapita kwenye cheni.

Tupige hesabu. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo vikifika kilo 300, kwenye mlima unaopanda mita 1 kila mita 10, tairi linahitaji msukumo wa karibu niutoni 300. Lakini kutoka katikati ya gurudumu hadi ardhini ni kama sentimita 30, na hadi kwenye meno ya sproketi ya nyuma ni kama 8.5 tu. Kwa hiyo cheni inavutwa mara tatu na nusu zaidi: niutoni 1,000 na ushee, sawa na kuning'iniziwa gunia la kilo 100.

Muundo wa cheni hii, wenye pini, bushi na rola, ulibuniwa na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, mwaka 1880. Watu husema cheni "imevutika", ila chuma hakikuvutika. Pini na bushi ndizo zinazolika, hasa tope lenye mchanga likiingia. Kila kiungo kikilika milimita 0.1, cheni ya viungo 120 inarefuka milimita 12.

Ikirefuka inalegea, na hapo madereva wengi hukimbilia spana na kuikaza mpaka inyooke. Hilo ni kosa la hatari. Mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma unacheza juu na chini kwenye bolti yake, na bolti hiyo iko nyuma ya sproketi ndogo ya mbele. Abiria wakipanda, shokapu zinabonyea, na ekseli inasogea mbali na sproketi ya mbele. Umbali huwa mkubwa kabisa pale sproketi, bolti na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu haina pa kwenda: inaumiza beringi za giaboksi, au inakatika.

Ndiyo maana lazima iachiwe mchezo. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinataka milimita 20 hadi 30, ukipima katikati ya upande wa chini. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu polepole na upime pale cheni inapokaza zaidi, maana hailiki sawasawa. Halafu wakalishe watu wawili juu ya pikipiki na uishike tena. Kama mchezo umekwisha, umekaza kupita kiasi.

Ukishalegeza nati ya ekseli, nati za kurekebishia zungusha robo robo, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Usitegemee alama za kwenye mkono peke yake. Pima kwa futi kutoka bolti ya mkono hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Gurudumu likikaa upande, meno ya sproketi hulika ubavuni na cheni inaweza kuruka. Ukishakaza nati ya ekseli, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaweza kulisogeza.

Hatua inayosahaulika ni breki. Gurudumu likisogezwa nyuma ili kukaza cheni, fimbo ya breki ya ngoma inavutwa, breki inashika kidogo muda wote na kupata moto. Rekebisha nati yake, uhakikishe gurudumu linazunguka huru na pedali inashika vizuri. Kwenye mteremko wa Amani dereva anashuka kwa gia, injini ikizuia mwendo kupitia cheni hiyohiyo. Ikiruka pale, injini haimsaidii tena. Anabaki na breki peke yake, tena cheni iliyoruka inaweza kunasa na kulifunga gurudumu. Kazi ya spana haijaisha mpaka cheni na breki, vyote viwili, vimekaguliwa.