Gita la Kikundi Likiwa Gumu, Tazama Shingo Kwanza



Kikundi kimoja cha vijana upande wa Runyenjes kilikuwa na gita moja la nyuzi za chuma. Gita hilo ndilo lilikuwa shamba lao. Walialikwa kwenye arusi na harambee, na kile kidogo walichopewa kiliingia kwa kitabu cha kikundi. Basi pole pole gita likawa gumu kubonyeza. Msichana aliyekuwa akilipiga akaanza kufunga vidole kwa plasta. Mwishowe akasema, "Mimi siwezi tena."

Wengine wakasema gita limekufa, tuchange tununue jipya. Mmoja akalipeleka kwa fundi, naye akapigilia msumari wa inchi nne pale shingo inapoungana na sanduku, halafu akamwaga Araldite. Haikupita miezi mingi gita likarudia ugumu wake. Na sasa hata fundi anayejua hakuweza kulifungua.

Mimi ni mfanyakazi wa maendeleo, si fundi wa magita. Lakini nilikaa na seremala mmoja mzee anayeijua kazi hii, nikauliza na nikaangalia. Nawaandikia ili kikundi kingine kisipoteze mali yake hivyo.

KWA NINI GITA LINAKUWA GUMU

Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Chukua mfuko wa simiti wa kilo 50, weka juu yake mtungi wa maji wa lita 20. Huo ndio mzigo ambao gita linabeba mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Sanduku linajikunja kidogo, na shingo inainuka kuelekea mbele. Nyuzi zinaachana na ubao wa vidole, na anayecheza anabonyeza kwa nguvu nyingi.

Hali ya hewa nayo inachangia. Gita likitoka kwenye ukungu wa Nkubu likapelekwa kwenye joto la Tharaka ama Mbeere, mbao zinakauka na kusinyaa. Likiachwa ndani ya gari juani, gundi inalainika na kuachia.

PIMA KABLA YA KUFUNGUA

Usikubali mtu ashike patasi kabla ya kupima. Kaza nyuzi kama kawaida, kisha ufanye hivi:

1. Tazama shingo kwa upande, kama unavyotazama ubao ukinunua mbao. Ikiwa imepinda kama upinde, huo ni ugonjwa mwingine. Magita mengi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo hukazwa kidogo kidogo kwa ufunguo wake.

2. Hesabu vile vyuma vidogo vya ubao wa vidole, yaani freti, mpaka ya 12. Pima nafasi kati ya freti hiyo na uzi mnene. Milimita 2 na nusu mpaka 3 ni sawa. Ikipita 4, vidole vitaumia.

3. Tazama daraja, ule ubao uliobandikwa juu ya sanduku. Kama unang'oka, ama tumbo la gita limevimba, hiyo itengenezwe kwanza.

4. Juu ya daraja kuna kipande cha mfupa ama plastiki kinachobeba nyuzi. Kama bado kimesimama juu, kitoe ukisugue upande wa chini kwa msasa. Ukipunguza milimita 2 hapo, nyuzi zitashuka milimita 1 kwenye freti ya 12. Pengine kazi imeishia hapo, kwa bei ya kipande cha msasa.

5. Lakini kama mfupa umekwisha na nyuzi bado ziko juu, laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti mpaka ifike kwenye daraja. Inatakiwa ifike sawa na uso wa juu wa daraja. Ikigonga daraja kwa mbele, chini ya uso huo, basi shingo imeinuka, na dawa ni kuitoa na kuirudisha vizuri.

SHINGO IMESHIKWAJE?

Kuna aina tatu. Ya kwanza imekazwa kwa bolti. Angalia ndani ya sanduku kwa tochi na kioo. Hiyo ni rahisi, unafungua kwa spana. Ya pili ina ulimi wa mbao wenye umbo la mkia wa njiwa, umeingia ndani ya sanduku na kushikwa kwa gundi. Ya tatu ni ya magita mengi ya nyuzi za nailoni yaliyotengenezwa kwa njia ya Kihispania: shingo na sanduku vimejengwa pamoja. Hiyo usijaribu kuing'oa, utavunja gita.

KAZI YENYEWE

Kwa shingo ya gundi, fundi anatoa nyuzi zote. Anapasha moto ubao wa vidole ule uliolala juu ya sanduku, na kuupenyezea kisu chembamba mpaka uachie. Kisha anang'oa freti moja iliyo juu ya ule ulimi (mara nyingi ni ya 15) na kutoboa tundu dogo ndani ya mfereji wake. Mvuke unapitishwa hapo kwa mpira mwembamba wenye sindano ya kujazia mpira wa miguu. Baada ya dakika chache gundi inalainika, na shingo inasukumwa pole pole mpaka itoke. Mvuke huunguza vibaya, kwa hivyo watoto wakae mbali, na chombo cha kuchemshia kiwe na njia ya kupumulia.

Baada ya hapo mbao ziachwe zikauke wiki nzima. Hapa ndipo watu wanakosa subira.

Sasa ni hesabu. Tuseme rula ilifika milimita 4 chini ya uso wa daraja. Kisigino cha shingo, yaani sehemu ile nene inayokaa kwenye sanduku, kina urefu wa milimita 90. Kutoka pale shingo inapoungana mpaka kwenye mfupa ni milimita 290. Zidisha 4 kwa 90, gawa kwa 290. Unapata 1.2. Basi fundi anaondoa milimita 1.2 tu kwenye ncha ya chini ya kisigino, akipunguza mpaka sufuri kule juu. Milimita moja na kidogo! Ndiyo maana hii si kazi ya panga.

Ulimi ukishapunguzwa utalegea. Fundi anaubandika vipande vyembamba vya mbao ngumu iliyokauka, mathalani muuru wetu wa Mlima Kenya, mpaka shingo ishike imara bila gundi. Ndipo anapaka gundi ya mbao, anabana, na kuacha mpaka kesho yake.

Gundi iwe ile inayolainika kwa mvuke. Araldite na misumari vinamfungia mlango fundi atakayekuja baada ya miaka 20.

JE, INAFAA GHARAMA?

Kaeni chini mpige hesabu. Ulizeni bei ya fundi na bei ya gita jipya lenye mbao kama hizo. Ikiwa sanduku ni zima na sauti yake mnaipenda, mara nyingi kutengeneza kunafaa. Ikiwa ni plaiwudi iliyofumuka kila mahali, semeni ukweli, msipoteze pesa. Lakini msidharau gita kwa sababu ni la bei rahisi. John Lennon wa kikundi cha Beatles alianzia kwenye gita rahisi la Gallotone, lililotengenezwa Afrika Kusini.

Na likishapona, litunzwe. Lisiangikwe jikoni juu ya moshi, wala lisiegemezwe kwenye bati lenye jua. Kama halitachezwa kwa wiki nyingi, legezeni nyuzi kidogo. Chagueni mtu mmoja wa kuliweka, na jina lake liandikwe. Mali ya wote isiyo na mlinzi huharibika mapema.

Wale vijana wa Runyenjes walichanga upya, wakanunua gita lingine. Siku hizi rula iko ndani ya mfuko wa gita, na yule msichana ndiye anayepima.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni chombo gani cha kikundi chetu tulichokitupa kabla ya kukipima?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kukaa na fundi akajifunza?
3. Je, tuna akiba ya matengenezo, ama tunangoja mpaka kitu kivunjike?