MNYAMA MBELE YA SARUFI NA MBELE YA SHERIA

Sarufi ya Kiswahili humtenga mnyama na kitu. Twasema "kiboko kimekatika" tukitaja mjeledi, lakini "kiboko amekufa" tukitaja mnyama wa mtoni. Kiambishi ki- ni kilekile. Upatanisho ndio unaotangaza uhai. Je, sheria nayo yafanya hivyo? Jibu la swali hili ndilo linaloamua mwenye mbwa atalipwa nini, mbwa wake akifa kwa uzembe wa mganga wa wanyama.

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali msingi wa sheria yetu, ilifuata mfano wa Kanuni ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804. Kifungu cha 261 chamwona mnyama kama chanzo cha madhara: mwenyewe hujibu kwa aliyoyaharibu, hata kama alikuwa ametoroka. Mnyama anapoumizwa, huhesabiwa kuwa mali tu.

Mganga, kwa kawaida, haahidi kuponya. Huahidi kutibu kwa uangalifu na kwa kufuata elimu ya fani yake. Kwa hiyo kifo peke yake si ushahidi. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa hilo. Na hata akishinda, hasara ikipimwa kwa bei ya sokoni, mbwa aliyelinda nyumba miaka kumi aweza kuonekana hana thamani.

Kwingineko mawazo yamesogea. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa ilikubali kwamba majonzi ya kumpoteza farasi, aliyeitwa Lunus, yastahili fidia. Mwaka 2015 sheria ya nchi hiyo ilimtaja mnyama kuwa kiumbe hai mwenye hisia. Ubelgiji ilimtenga na vitu kwa sheria ya mwaka 2020. Hata hivyo, nchi zote mbili zaendelea kumtawala kwa kanuni za mali. Ni kama kiboko wetu: umbo la kitu, upatanisho wa kiumbe.

Kwetu mlango haukufungwa. Kifungu cha 258 chaamuru kufidia hasara iliyoletwa na kosa, bila kubagua hasara ya mali na ya moyo. Mfasiri wa sheria naye ana wajibu wake: aandike "mali yenye uhai", wala si "kitu", ili sheria isimnyang'anye mnyama kile alichokwisha kupewa na lugha.